Mama Duke na Kikapu Kitupu

Jumatatu, 3 Machi

Chai. Dawa ya mfupa. Kiti cha balkoni. Siku inaanza hivyo na inaisha hivyo, ila jioni chai inageuka uji.

Kutoka hapa ghorofa ya tatu naona mabati ya watu, migomba, na kipande cha barabara ya Mosocho. Magwagwa, kijijini kwangu, sioni. Nimejaribu kunyoosha shingo mpaka ikalia.

Josephat, mtoto wangu, alinileta hapa mjini Kisii baada ya kuanguka kutoka kwa mti wa avokado. Kila mtu anauliza mzee wa sabini na kitu alikuwa anatafuta nini juu ya mti. Nilikuwa natafuta avokado. Paja likavunjika, wakatia chuma. Chuma kiko sawa kabisa. Mimi ndiye nashika kutu.

Soja wa geti ameambiwa asinifungulie. Mwezi jana nilitoroka, wakanikuta nimeshapanda boda, namwambia dereva twende Magwagwa. Josephat alinishusha mbele ya watu kama gunia la mahindi. Anasema nyumbani niko peke yangu tangu mama yake afariki, nikianguka tena ni nani atajua. Sasa niko jela. Jela yenye TV.

Jumanne, 4 Machi

Ngazi si kitu. Shida ni chinsoni.

Kwetu Wakisii, baba na mke wa mwanawe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawakai kochi moja, hawatazamani usoni, na baba haingii ovyo kwa nyumba ya mwanawe. Heshima hiyo ndiyo chinsoni. Josephat anasema hii ni nyumba ya kukodi, kwa hivyo mila haihesabu. Msomi.

Lakini choo kiko mwisho wa korido, baada ya mlango wa chumba chao. Nikitaka kukojoa lazima nikohoe kwanza kama lori la zamani, ndio Mama Duke apate nafasi ya kujificha. Naye akitaka kutoka jikoni anagonga sufuria, mimi nageuka ukutani. Nakohoa, anagonga. Nakohoa, anagonga. Watu wa ghorofa ya chini wanafikiri tunafanya mazoezi ya kwaya.

Mama Duke ni mke wa Josephat. Jina lake lingine nalijua lakini siliandiki. Ni mwalimu, daktari amempa likizo kwa sababu ya presha. Duke mwenyewe yuko chuo, mbali. Josephat anaenda ofisini asubuhi na gari. Tunabaki sisi wawili tunaoepukana, ndani ya vyumba viwili na korido. Kuku wangu Magwagwa wana nafasi kuliko sisi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeenda kliniki, Mama Duke na mimi, siku moja. Tulikaa benchi moja, mikoba yote ya nyumba katikati yetu.

Mama Duke ana miaka arobaini na minane. Josephat alinieleza kwa kuzunguka, kama mtu anayekwepa dimbwi: ni ule umri wa kina mama, mwili unawaka usiku, hapati usingizi, magoti yanauma, presha inapanda. Nikamwambia nilioa kabla yake, asinieleze mambo ya wanawake kama mtoto.

Daktari amesema dawa aendelee nazo, asiruke hata moja. Lakini pia atoke nje, atembee. Si kukimbia. Polepole, kila siku. Mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Kumwambia mwanakwaya wa Sabato hivyo, huyo daktari ana roho.

Akirudi mwezi ukiisha, presha ikiwa bado iko juu, dawa zitaongezwa na likizo itaongezwa pia. Hilo ndilo limemmaliza. Kwenye gari alikuwa analia bila sauti. Niliona mabega. Nikatazama dirishani.

Mimi pia nimeambiwa nitembee, la sivyo mguu utagandia hapo hapo. Josephat amesema sawa, nitembee kwenye korido. Nikimkoholea mke wake kila hatua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwona kutoka juu. Mama Duke ametoka getini na viatu vya raba vipya, mikono mitupu. Amefika barabarani. Mama mmoja wa ndizi akamsimamisha. Najua alichomuuliza, ni kile kile kila mtu huuliza: unaenda wapi. Na Mama Duke hakuwa na jibu.

Mkisii hatembei bure. Anaenda sokoni, shambani, matangani, kanisani. Ukionekana unatembea tu, ama umegombana nyumbani ama kichwa kimeguswa.

Akaingia dukani, akanunua kiberiti, akarudi. Jana jioni pia alinunua kiberiti. Nyumba hii sasa inaweza kuchoma Kisii nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoa shauri wakati wa chakula. Nimemwambia Josephat, Mama Duke akiwa jikoni lakini anasikia: mwambie mke wako abebe kikapu. Mtu mwenye kikapu haulizwi. Na mwambie anitoe na mimi, atembee mbele, mimi nyuma, mbali. Soja atafungua geti kwa ajili yake, na mimi sitaweza kutoroka kwa sababu yeye ana raba miguuni, atanikamata.

Josephat alifikiri sana. Anapenda kufikiri, ndiyo kazi yao huko ofisi za kaunti. Akasema sawa, lakini nisikaribie boda.

Jikoni sufuria iligongwa mara moja. Nikachukua kuwa ni ndiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Nje.

Nilikuwa nimesahau kwamba upepo una harufu. Leo ulikuwa wa samadi na majani mabichi. Nilikaribia kulia, nikalilaumu vumbi.

Tuliacha lami, tukashika njia ya udongo inayopanda katikati ya migomba na nepia, yale majani ya ng'ombe. Mama Duke mbele na kikapu kitupu, mimi nyuma na mkongojo, umbali wa shamba dogo. Akisimama, nasimama. Nikisimama, anasikia mkongojo umenyamaza, anasimama pia, anatazama mbele kama mtu anayesubiri gari pahali ambapo gari halijawahi kupita.

Hatukufika mbali. Paja linauma kama limeumwa na mbwa. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Leo Mama Duke aliongea. Si na mimi, hiyo haiwezekani. Aliongea na barabara.

Aliiambia barabara, bila kugeuka, kwamba usiku anawaka mpaka analala sakafuni. Kwamba anasahau majina ya wanafunzi. Kwamba Duke ameenda, nyumba imenyamaza, na anaona kama yeye pia ameisha, kama sabuni. Kwamba Baba Duke ni mtu mzuri lakini ukimwambia jambo anakutafutia dawa kwa simu.

Mimi nikauambia mkongojo wangu: marehemu mke wangu alipofika umri huo alimwaga uji wa moto mlangoni, akaingia kwenye majani chai, akakaa huko mpaka jua likashuka. Nilifikiri amerogwa. Hakuwa amerogwa. Alitaka nafasi. Baadaye alipata nguvu akanishinda mimi.

Halafu mabega ya Mama Duke yakaanza kutikisika na nikaogopa nimemliza. Alikuwa anacheka.

Chinsoni haijavunjwa. Sijaona uso wake, hajaona wangu. Mwenye kubisha aje tupime umbali.

Jumamosi, 15 Machi

Sabato. Kanisani kwa gari. Mahubiri marefu, mguu umelala kabla yangu. Kina mama wawili waliniangalia, wakaangalia Mama Duke, wakaangaliana. Nikawakonyeza. Wakafungua vitabu vya nyimbo haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Tumefika mpaka kilele, pale unapoona mabonde. Nimekaa kwenye ukingo, Mama Duke amekaa kwenye ukingo mwingine, mgongo kwa mgongo kama waliokosana. Tumepumua tu. Sijui kuandika hilo vizuri. Mtu anaweza kukaa miezi bila kujua kwamba hapumui.

Wakati wa kushuka aliiambia barabara kwamba amelala usiku wote, kitandani. Na kwamba kwa duka la dawa wamempima, presha imeanza kushuka. Nikauambia mkongojo usijivune, bado kliniki.

Jumatano, 19 Machi

Balaa.

Josephat amerudi mchana, tai imepinda. Amepigiwa simu na Mokaya, kaka ya Mama Duke, kutoka kwao Nyamira. Mokaya amesikia, na waliomwambia wamesikia kutoka kwa watu wa hapa, kwamba Mama Duke ameacha boma. Ameonekana siku nyingi akienda zake na kikapu, hasemi na mtu, na baba mkwe wake mlemavu anamfuata nyuma akichechemea, anamsihi arudi, naye hageuki.

Nilicheka mpaka paja likaniuma. Heshima yote ile tuliyoitunza, umbali wote ule, kumbe watu wakiona umbali wanaona ugomvi. Tungetembea tumeshikana mikono wangesema mabaya zaidi, lakini angalau wasingesema ananikimbia.

Josephat hakucheka. Kesho Mokaya anakuja kuuliza dada yake amekosewa nini.

Alhamisi, 20 Machi

Mokaya alifika na uso wa korti. Nilimkaribisha kwa heshima zote. Nikamwambia ni kweli nilikuwa namfuata dada yake, lakini yeye ana mbio na mimi nina chuma. Josephat akaniambia, "Tata, tafadhali." Tata ni baba kwa Kikisii.

Mokaya aliuliza kama dada yake amepigwa. Hapana. Kama amenyimwa chakula. Hapana. Sasa anaenda wapi na kikapu?

Mama Duke alikuwa amesimama jikoni, nyuma ya mlango, mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Tulisikia sauti tu.

"Mokaya, mimi sijakimbia. Nikikimbia nitabeba nguo. Kikapu kile ni kitupu kwa sababu siendi popote. Natembea nipone. Huko nje ndiko napumua."

Mokaya alikuna kichwa. Alikuja amejiandaa kwa vita, akapewa pumzi. Mwishowe akasema haoni kosa, ila watu wana midomo. Kama ni kutembea, si Baba Duke atembee naye? Mume akiwa katikati, mzee nyuma, nani atasema nini.

Josephat akakohoa. Alisema ana kazi. Alisema mtu wa cheo chake akionekana anatembea kwa miguu jioni, ofisi nzima itasema gari limechukuliwa. Mokaya akasema basi, akanywa chai yake, akaondoka.

Halafu Josephat akatoa hukumu. Hakuna tena kutembea. Mke wake atatembea ndani. Soja amepigiwa simu mbele yangu.

Nilimwambia, "Unamfungia mke wako ili watu wa ofisi wasiseme una miguu."

Mtoto wangu mkubwa, ana kitambi cha mbunge na woga wa sungura.

Ijumaa, 21 Machi

Balkoni.

Jumapili, 23 Machi

Korido. Kwenda, kurudi. Nakohoa, hakuna anayegonga. Mama Duke hatoki chumbani. Nimekunywa chai niliyojichemshia, ina ladha ya sabuni.

Nina hasira. Si kwa ajili ya paja. Kwa ajili yake. Alikuwa ameshaanza kuchangamka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Balkoni imelowa, nimefungiwa hata kutoka kwa balkoni.

Usiku nilisikia maji ya bafuni yakimwagika muda mrefu. Anawaka tena.

Asubuhi nilimwita soja kutoka juu, nikamwambia nyumba inaungua, afungue geti. Akaniambia, "Mzee, hata moto ukija nitaupigia Baba Duke simu kwanza." Nampenda soja huyo, na nitamlaani.

Alhamisi, 27 Machi

Kliniki. Hawakunipeleka lakini Josephat amerudi akiwa mtu mwingine, na imebidi anieleze kwa sababu hakuna mwingine wa kuelezwa.

Presha ya Mama Duke imepanda tena. Daktari akauliza kutembea kumeishia wapi. Mama Duke akamwangalia mume wake. Josephat akaanza kueleza mambo ya midomo ya watu, heshima na ofisi. Daktari, mama mfupi mwenye miwani, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia akunje mkono wa shati, akamfunga mkanda wa mashine mkononi.

Yake iko juu kuliko ya mke wake.

Amepima mara tatu, anasema, kwa sababu alidai mashine ni mbovu. Miaka hamsini na miwili, hajawahi kupimwa, anakula nyama choma kila Alhamisi na kukaa siku nzima kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu. Daktari amempa vidonge na agizo lile lile. Polepole. Nje. Kila siku.

Nilikuwa na maneno mengi matamu ya kumcheka. Nimeyakalia mwezi mzima kama kuku. Lakini alikuwa amekaa mwisho wa kochi na mikono magotini, kama siku ile alipofeli mtihani wa darasa la saba mara ya kwanza. Nikamwambia tu, "Kuna viberiti vingi kabatini, usinunue kingine." Hakuelewa. Jikoni, sufuria ilianguka na mtu akacheka.

Jumapili, 30 Machi

Tumetoka watatu. Mama Duke mbele, Josephat katikati, mimi nyuma. Chinsoni imekaa sawa, wachungaji wote wa kikundi cha umbea wameridhika. Josephat alivaa miwani ya jua na kofia ili asijulikane. Kila mtu tuliyekutana naye alimsalimia kwa jina.

Pale kwenye mwinuko alisimama, akashika kiuno, akasema anatazama mandhari. Alitazama mandhari mara nyingi leo.

Hakuna aliyeongea na barabara. Mume akiwa katikati, maneno hayana njia. Mimi nauambia mkongojo jambo, Josephat anageuka, anasema, "Umesemaje, Tata?" Na Mama Duke anatembea kimya, mabega yamekaza.

Nimepata kutoka, nimekosa stori. Nimerudi nimechoka vibaya. Nilidhani nataka nje tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Kila jioni sasa. Kofia imeachwa. Mtu wa ofisi alisimamisha gari, akauliza kama wapewe lifti. Josephat akamwambia, kwa sauti nyembamba, kwamba anatembea. Yule mtu akaangalia kushoto na kulia, akauliza, "Kwenda wapi?" Josephat akasema, "Kutembea." Gari likaondoka polepole, kama la matanga.

Nilimwona akisimama pale. Halafu akaendelea kupanda. Mara ya kwanza nimeona mwanangu akifanya jambo bila sababu ya kuonyesha watu. Niliona fahari. Inanikera kuandika hivyo.

Mama Duke bado yuko kimya mbele. Josephat anamwongelesha mambo ya karo na bima, yeye anajibu ndiyo, hapana.

Nafikiri najua kikwazo ni nani.

Jumapili, 6 Aprili

Leo hakukuwa na mvua. Jua la saa kumi, laini.

Tulipofika pale njia inapokata kuelekea kwenye mikaratusi nilimwambia Josephat paja limekataa. Lilikuwa halijakataa. Nikamwambia waendelee, nitawangoja, kuna ukingo mzuri. Alisita. Aliangalia huku na huku kama kuna boda. Nikamwambia, "Enda. Niende wapi na mguu huu?"

Wakaenda. Mwanzoni yeye nyuma, mke wake mbele, kama kawaida. Niliwatazama mpaka kwenye kona. Kabla ya kona Mama Duke alipunguza mwendo. Josephat akamfikia. Wakawa sambamba, kikapu katikati yao, kila mtu ameshika sikio moja la kikapu.

Hawakujua sauti inashuka. Nilisikia ya Mama Duke kwanza, ile niliyoizoea, anaanza polepole kuhusu kulala sakafuni. Nikangoja kusikia Josephat akimtafutia dawa kwa simu. Alinyamaza tu na akaendelea kutembea naye. Halafu wakapita kona na sikusikia zaidi, na si haki yangu kusikia.

Mama mmoja alikuwa anakata nepia upande wa pili. Alinisalimia, nikamsalimia. Akaendelea kukata.

Nikavua kiatu cha mguu mbaya. Nikaushusha kwenye udongo, kwanza kisigino, halafu vidole. Ulikuwa baridi, na laini kwa mvua ya juzi. Nikakaa hivyo.